Kidonda Kilichonirudisha Darasani

Nimekuwa nesi kwa miaka ishirini na sita, na kwa karibu miaka miwili kati ya hiyo nilikuwa mgonjwa anayenuka. Naanza na harufu kwa sababu anayesoma haya akiwa na kidonda cha mguu anajua kwamba maumivu unaweza kuyaficha, harufu huwezi. Unaingia kanisani unachagua benchi la nyuma, karibu na mlango. Unaona mtoto anakunja pua, mama yake anamfinya. Nimepita huko. Leo nimevaa kiatu cha kufunika na ninatembea, na ninaandika kwa ajili ya yule ambaye bado anakaa karibu na mlango.

Naitwa Verdiana. Nafanya kazi katika zahanati ndogo upande wa Runazi, wilayani Biharamulo. Mume wangu, Mwalimu Fotunati, alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Tuna shamba la mahindi na mihogo nyuma ya nyumba, na watoto watatu ambao wamekwishatoka nyumbani. Baada ya mimba ya tatu miguu yangu ilianza kuvimba kila jioni, mishipa ikatokeza, na ngozi juu ya kifundo ikaiva ikawa nyeusi. Sikujali. Nesi gani hana miguu inayouma?

Siku yenyewe nilikuwa nazalisha. Mama alikuwa anasukuma, nikageuka haraka kuchukua mkasi, na upande wa ndani wa mguu wangu wa kushoto ukajigonga kwenye pembe ya chuma ya kitanda. Mtoto alizaliwa akilia vizuri. Mimi nilijifuta damu kwa pamba, nikasahau. Mchubuko wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya hindi.

Mwezi ulipopita bila mchubuko kufunga, nilijitibu kama nilivyowatibu wengine wote. Nilisafisha kwa spiriti. Kesho yake nilitumia ile dawa inayotoa povu. Nilifungua kapsuli za antibayotiki, nikanyunyiza unga wake ndani ya kidonda, halafu nikakaa uani mguu ukiwa juani ili kikauke. Ndivyo nilivyoelekezwa na dada mkuu wa wodi nilipoajiriwa, na yeye alielekezwa hivyo na aliyemtangulia. Wagonjwa waliporuka kwa maumivu nilikuwa nawaambia, "Vumilia, ukiona inachoma ujue inafanya kazi." Sasa ilikuwa zamu yangu kuvumilia, na nilivumilia sana.

Mahindi yakavunwa, maharage yakapandwa, kidonda kikafikia ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kilikuwa kinatoa maji usiku na mchana. Soksi zilinata. Kazini nilivaa sketi ndefu na kujipaka mafuta mengi ya kunukia, na nafikiri wenzangu walijua ila waliniheshimu.

Wifi yangu, dada wa Fotunati, alikuja kutoka Bisibo na kikapu cha majani yaliyotwangwa. Alikaa, akaniangalia mguu, akatikisa kichwa.

"Wifi, hicho si kidonda cha hospitali. Umekanyaga kitu."

"Nimejigonga kwenye kitanda, wifi."

"Na aliyekufanya ujigonge?"

Sina la kujitetea hapa. Mimi, nesi, nilimwacha anifunge yale majani. Siku ya tatu ngozi yote ya pembeni ilikuwa imeungua. Niliyaosha peke yangu, na sikumwambia mtu hadi leo ninapoandika.

Fotunati hakusema neno baya hata siku moja. Alichofanya ni kuhamishia chakula chake barazani. Alisema ndani kuna joto. Ilikuwa masika, mvua inanyesha, na hakukuwa na joto lolote. Nilikuwa nakula peke yangu jikoni, nasikia kijiko chake kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta. Siku nyingine nililia, nikisingizia moshi wa kuni.

Mwishoni nilikwenda hospitali moja kubwa mbali na kwetu. Nilipimwa sukari, haikuwepo. Nilipimwa vingine vyote, salama. Nilikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na mama mmoja mzee nisiyemjua aliniona ninavyohangaika, akasukuma kigoda chake kwa mguu hadi mbele yangu. "Weka mguu hapo, mwanangu," alisema, akaendelea kusali rozari yake. Sijawahi kusahau kigoda kile. Ndani, daktari alikuwa amechoka kama sisi wote. Alisema huku anaandika, "Mama, tuone miezi michache. Kisipobadilika itabidi tuzungumze habari ya kukata, chini ya goti."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Fotunati. Aliweka sahani chini. Tangu hapo hakubaki tena na mawazo yake peke yake. Kesho yake alianza kupiga simu kwa kila mtu aliyewahi kumfundisha au kufundisha naye. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, dereva wa lori anayepita Benaco kwenda Rusumo, akamwambia kuna hospitali upande wa Ngara ambako nesi mmoja ametoka masomoni na anashughulikia vidonda tu. Nikaomba likizo ya ugonjwa, tukaenda mvua za vuli zilipoanza.

Nilitegemea mtu mzima. Aliyetokea mlangoni alikuwa binti mwembamba, Mhangaza wa hukohuko Ngara, mkononi ana daftari kubwa la shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naitwa Konsolata. Karibu ndani. Na baba naye aingie, akipenda."

Fotunati aliingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mume anaruhusiwa kwenye chumba cha kufungia vidonda. Konsolata alifungua bandeji, na hakukunja uso. Alisogea karibu kuangalia, ilhali mimi nimezoea watu wanaosogea mbali. Aligusa mapigo ya damu juu ya unyayo. Akanipima presha ya mkono, kisha akafunga kile kitambaa cha presha kwenye kifundo cha mguu na kusikiliza kwa kijimashine kidogo. Aliandika namba zote mbili. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu anapimwa presha ya mguu.

"Damu inafika vizuri hadi chini," alisema. "Shida yako ni kurudi juu. Mishipa imechoka, damu inatuama, mguu unavimba, ndiyo maana kidonda hakifungi. Mama, unakiosha na nini?"

Nilimwambia. Nilimtajia vyote, spiriti, povu, unga, jua. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

"Kuanzia leo tutaviacha vyote," alisema.

Damu ilinipanda. "Mwanangu, mimi nimeanza kufunga vidonda kabla hujazaliwa."

"Ni kweli, mama." Hakuinua sauti. "Na mimi chuoni nilikuta vinafanyika hivyohivyo, nikavifanya. Nilipokwenda kusoma tena, mwalimu wetu alikuwa na swali moja tu, kila siku: umejuaje? Nikisema tumezoea, ananirudisha maktaba. Basi nikatafuta. Watu wamewafuatilia wagonjwa wa vidonda kama chako, hawa wamefungwa bandeji ya kubana, hawa hawakubanwa, wakalinganisha. Waliobanwa walipona wengi zaidi na mapema zaidi. Hizo dawa zinazochoma, zinachoma na nyama mpya inayoota."

"Hao walikuwa wazungu," nilisema. "Wana maji ya bomba na vitanda vya kuinua miguu. Njoo Runazi uone."

Nilidhani nimemshinda. Akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu.

"Hilo ndilo ninalotaka tuone. Kila Jumatano nitakipima. Wiki ya kwanza mpaka ya sita. Kama hakipungui, tutaacha na kutafuta njia nyingine, na nitaandika kwamba kwako haikufaa. Sasa niambie, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kipone."

"Hilo nalitaka mimi. Wewe unataka kufanya nini ambacho sasa hukiwezi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Fotunati akanitazama. Nikasema nataka kula na mume wangu. Nilisema hivyo tu, mbele yake, na yeye akainamisha kichwa. Konsolata aliandika lile pia, neno kwa neno.

Alikiosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Haikuuma. Nilikaa nikisubiri maumivu na hayakuja. Akaweka juu ya kidonda karatasi ngumu ya plastiki angavu, akachora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe. Halafu akafunga gozi lisilonata, pamba kuzunguka kifundo, na bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti.

Wiki zile za mwanzo tulikaa kwa binamu yangu jirani na Benaco, ili Ngara isiwe mbali. Wiki ya kwanza mguu ulipungua uvimbe hadi nikaona mfupa wa kifundo, niliokuwa nimeusahau. Nilifurahi. Wiki ya pili kidonda kilikuwa vilevile. Wiki ya tatu Konsolata alilinganisha plastiki mbili dhidi ya mwanga wa dirisha, na hata mimi niliona: kilikuwa kimeongezeka.

"Ukingo uliokuwa umekufa umetoka," alisema. "Inatokea. Tusubiri."

Sikusubiri. Jumamosi ile binamu yangu na Fotunati walikwenda sokoni. Nilifungua bandeji, nikatoa chupa ya spiriti niliyokuwa nimeificha kwenye mkoba tangu Runazi, nikamimina. Niliuma kanga nisipige kelele. Na nikwambie ukweli, katikati ya yale maumivu nilijisikia nafuu, kwamba angalau sasa tunafanya kazi. Ndivyo mazoea yalivyo.

Jumatano Konsolata alifungua akaona weupe ule wa nyama iliyoungua. Aliniangalia.

"Mama?"

"Ni mimi," nilisema. "Spiriti. Jumamosi."

Fotunati aligeukia ukutani. Nilikuwa najua ninavyowasema wagonjwa wanaoharibu tiba. Nimewahi kumfukuza mmoja, nikamwambia arudi akiwa na akili. Nilisubiri zamu yangu ya kufukuzwa.

Konsolata alichukua kalamu. "Ulimimina kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja. Viwili."

Aliandika. "Asante kwa kuniambia. Usingesema, ningedhani bandeji ndiyo imekosea, na ningemwacha mgonjwa mwingine bila bandeji kwa kosa ambalo si lake." Akaanza kukiosha. Niliona kwamba alikuwa anatupia jicho mlangoni mara kwa mara, na ndipo nilipofahamu kuwa yule binti naye alikuwa anaogopa. Baadaye aliniambia baadhi ya wakubwa wake wa kazi walikuwa wanamcheka kwa daftari lake, na mguu wangu ulikuwa wa tatu tu kufungwa kwa namna ile pale kwao. Kama ungekatwa, daftari lingefungwa.

Nilimpa ile chupa. Akaitumia kusafishia meza.

Wiki ya tano kilipungua. Kidogo, upana wa uzi, lakini plastiki haisemi uongo. Wiki ya sita zaidi. Harufu iliondoka kabla kidonda hakijapungua sana, na sikuitambua siku iliyoondoka. Niliitambua siku binamu yangu alipokaa karibu nami kumenya mihogo, bega kwa bega, bila kugeuza uso.

Kulikuwa na jambo moja nililomfundisha mimi. Bandeji zake zilikuwa zinateleza nikipanda bodaboda, zinajikusanya kifundoni na kukata ngozi. Nikamwambia, "Mwanangu, mguu wangu ni kama chupa iliyopinduliwa, juu mnene chini mwembamba. Jaza pamba hapa chini kwanza uufanye uwe sawa, ndipo ufunge." Nimefunga miguu maelfu, hilo nilikuwa nalijua kwa mikono. Alijaribu. Haikuteleza. Akacheka kwa furaha, akaandika, na chini yake akaandika jina langu. Aliniambia uuguzi unaozingatia ushahidi una mambo matatu: utafiti uliofanywa, uzoefu wa nesi, na anachotaka mgonjwa. Likikosekana moja unachechemea. Nikamwambia kuhusu kuchechemea nina shahada.

Baada ya Krismasi tulirudi Runazi, tukawa tunakwenda Ngara mara moja kila wiki mbili. Katikati ya hapo aliyenifunga ni Fotunati. Konsolata alimfundisha siku tatu mfululizo, akimpima kama mwanafunzi, na mwalimu mstaafu akapokea maksi zake kwa unyenyekevu. Nyumbani alifua bandeji zile ndefu, akazianika kwenye kamba ya nguo, kisha akakaa kwenye mkeka akizikunja polepole ziwe duara. Majirani walipita wakimtania kwamba amekuwa mama wa kichanga. Alikuwa anajibu, "Na kichanga chenyewe kinakula kama mtu mzima." Alipomaliza kunifunga alinawa, akaleta sahani yake ndani, akaketi. Hatukuzungumza habari ya baraza. Tulikula maharage.

Wifi alikuja pia. Aliangalia mguu, akaangalia bandeji kwenye kamba, akasema, "Kumbe kitambaa tu." Nikamwambia ndiyo wifi, kitambaa tu. Alileta ndizi, hakuleta majani.

Kidonda kilifunga masika yalipokuwa yanaisha, wakati wa kung'oa maharage. Plastiki ya mwisho ilikuwa na nukta moja. Jumatano iliyofuata Konsolata aliweka plastiki juu ya mguu, kalamu mkononi, akakosa cha kuchora. Tulikaa tunaangalia ile ngozi nyembamba, ya waridi, inayong'aa. Fotunati alitoa kitambaa akapangusa miwani yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Mimi sikulia. Nilisikia njaa, njaa kubwa ya mtu aliyetoka safarini, na tulipofika Benaco nilikula nyama choma na ugali mbele ya madereva wa malori hadi Fotunati akaomba niache.

Sasa navaa soksi za kubana kila siku, na nitazivaa maisha yangu yote. Zina joto, na kuzivaa asubuhi ni mieleka. Nikikaa nainua mguu, hata kwenye vikao. Kama una kidonda kama changu, naomba unisikilize jambo moja: usichukue bandeji ukajibana mwenyewe kwa sababu umesoma haya. Mwombe nesi akupime kwanza kama damu inafika miguuni. Mguu usiofikiwa na damu ukibanwa unakufa. Na yeyote anayekutibu, muulize amejuaje. Akikasirika, usiogope sana. Mimi nilikasirika, na leo nashukuru niliulizwa.

Kazini sikurudi kwa kishindo. Nilinunua daftari kubwa. Nilimwomba mganga mfawidhi wetu aniruhusu kuchukua wagonjwa wanne wa vidonda, maji yaliyochemshwa badala ya spiriti, na kipimo kila wiki, kisha aamue mwenyewe. Waliohitaji kubanwa nilimpelekea Konsolata kwanza kwa vipimo. Mwenzangu mmoja aliguna, "Verdiana amerudi na mambo." Nikamwambia kweli nimerudi nayo, njoo uangalie Ijumaa. Ijumaa ya nne alikuja, na akashika kalamu yeye.

Wa tatu niliyepanga kumwandika katika daftari alikuwa Mzee Patrisi, mkulima wa muhogo, Msubi wa hapahapa kwetu, ambaye nilimwacha na kidonda cha panga juu ya goti. Nilikuwa nimemfunga kwa mkono wangu mwenyewe mwaka mzima kabla sijaondoka kazini, spiriti kila mara, na yeye alikuwa anafumba macho, anashika ukingo wa kitanda, anasema asante. Kumfikia nilitembea, kwa sababu niliweza kutembea. Nilimkuta anaanika mihogo uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, nesi. Umepona?"

"Nimepona. Mzee, nimekuja kukuambia kitu." Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Ile dawa niliyokuwa nakuwekea haikuwa sahihi. Nilikuumiza bure. Naomba unisamehe."

Alikaa kwenye kigogo, akapandisha suruali. Mahali pa kidonda palikuwa na kovu safi, limefunga kitambo.

"Nesi, ngoja nami nikwambie ukweri," alisema, na ile r ya kwetu inayokaa mahali pa l. "Nirikuwa nikifika hapa nyumbani naiosha yote. Mke wangu anachemsha maji, yakipoa namwagia mpaka moto uishe, ndipo narudisha bandeji yako. Kira siku, toka mwezi wa kwanza wa kunifunga."

Nilimwangalia mguu, nikamwangalia yeye. Mwaka mzima alikuwa anakuja kwangu, anafumba macho, anasema asante, anarudi kuosha.

"Sasa mzee, ulipoona maji yanasaidia, mbona hukuniambia?"

Alishusha suruali, akaipangusa unga wa mihogo, akanitazama kwa upole kabisa.

"Hukuniuriza."

Nikakaa kwenye kigogo kando yake. Nikafungua daftari, nikamwomba anieleze tangu mwanzo: maji kiasi gani, mara ngapi, kitambaa gani. Mke wake akatoka jikoni kumsahihisha, nami nikaandika.